Anayemchinja Ana Nafuu

Hapa Mantapala, makazi ya wakimbizi nchini Zambia, anayefuga nguruwe hamdanganyi mtu. Anamlisha mnyama wake pumba na maganda ya muhogo, na ada ya mtoto ikidaiwa anamuuza au anamchinja. Ndugu zangu Waislamu mnivumilie, lakini mfugaji huyo ni mwadilifu kuliko yule wa Marekani au Uingereza anayenunua kitoto cha nguruwe kwa kuwa kinapendeza pichani, kisha anamtupa akishakua.

Biashara hiyo ya vitoto vya kupendeza ilishika kasi miaka ya 1980, nguruwe wadogo wa asili ya Vietnam walipofikishwa Canada. Muuzaji huapa kwamba mnyama hatakua. Mteja akitaka ushahidi, anaonyeshwa wazazi. Haambiwi kwamba nguruwe huweza kuzaa akiwa na miezi sita hivi, naye huendelea kukua kwa miaka mitatu au zaidi: hao wazazi wenyewe bado ni watoto! Wapo hata wanaomshauri mteja ampunje chakula ili adumae. Mnyama akishapita kilo 50 na kuifukua bustani yote, simu inapigwa kwenye makazi ya wanyama waliookolewa: njooni mmchukue. Huyo anaweza kuishi miaka 15 na zaidi. Atakayemlisha ni nani? Ni yule ambaye hakuuza wala hakununua.

Sisi wa Katanga, Kongo, nasi tusijitakase. Kwetu ni sokwe mtu. Ili kumpata mtoto, mwindaji humuua mama, na mtoto huishia mnyororoni uani kwa tajiri. Mwaka 1983 mmoja wao, Pal, aliyetekwa na majangili wa Zaire, yaani Kongo ya leo, alifikishwa akiwa majeruhi kwenye shamba la ng'ombe la David na Sheila Siddle, upande wa Chingola, Zambia. Ndivyo kilivyoanza Chimfunshi, kituo cha sokwe waliookolewa. Naam, Zambia ilimpokea mkimbizi huyo wa Kongo zaidi ya miaka 30 kabla ya kutufungulia sisi Mantapala, Januari 2018. Huko Lubumbashi, kituo cha JACK kinawalea yatima kama Pal tangu 2006. Septemba 2022 wezi wakakivamia, wakachukua watoto watatu wa sokwe na kudai kikomboleo. Hata waliokwisha kuokolewa hawaachwi!

Najua nitakachojibiwa: watu wana njaa, wewe unalilia nguruwe. Sijawahi kumwona msemaji wa maneno hayo akimbebea jirani yake debe la mahindi. Anayekula posho ya mkimbizi si sokwe wa Chingola.

Basi anayeuza alipe. Kila kitoto cha nguruwe kinachouzwa kama mwanasesere kitozwe ada ya kumtunza uzeeni, na muuzaji anayedanganya kuhusu ukubwa wa mnyama ashtakiwe kama tapeli mwingine yeyote. Nawe msomaji, ukiletewa mtoto wa sokwe au kasuku wa magendo, usimnunue hata kwa huruma, maana fedha yako ndiyo itakayomrudisha mwindaji porini. Mpelekee habari ofisa wa wanyamapori, siku hiyo hiyo.