Kadogo si askari, ni mtoto

Lugha yetu ya Kiswahili imetwikwa aibu ambayo wengi wetu hatuitambui. Neno "kadogo", ambalo kinywani mwa mzazi huwa la mapenzi, huko Kongo limekuwa jina la mtoto aliyebebeshwa bunduki. Ndivyo walivyoitwa watoto waliokuwamo katika jeshi la waasi la Laurent Kabila, lililoanza vita mashariki mwa nchi hiyo mwaka wa 1996 na kuingia Kinshasa mwezi wa Mei, 1997.

Wapo wadaio kwamba watoto hao hujiunga kwa hiari. Dai hilo silikubali hata chembe. Hiari ni ya mtu mwenye njia mbili mbele yake. Je, mtoto ambaye kijiji chake kimeteketezwa, shule yake imefungwa na wazazi wake wameuawa, anayo njia gani ya pili? Kambini hupata chakula, na hupata wenzake wa kulipiza nao kisasi. Hiyo si hiari. Ni njaa na uchungu.

Wakuu wa vita wanajua walitendalo. Wahenga walinena kwamba samaki mkunje angali mbichi. Sisi huitumia methali hiyo kuhimiza malezi mema. Wao wameifanya mbinu ya kivita. Mtoto hadai mshahara, hutii upesi, wala hajayajua mauti sawasawa.

Mwezi wa Machi, 2012, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, katika hukumu yake ya kwanza kabisa, ilimpata Thomas Lubanga na hatia ya kuwaandikisha na kuwatumia vitani watoto wa chini ya miaka 15 huko Ituri. Majaji walikataa katakata kwamba ridhaa ya mtoto ni utetezi. Lubanga alifungwa miaka 14.

Hata hivyo, mahakama huja baada ya maafa. Mtazame Dominic Ongwen wa Uganda. Alitekwa nyara na waasi wa Joseph Kony angali mtoto, akielekea shuleni. Akakulia msituni, akawa kamanda, naye akawatesa watoto wa wenzake. Mwaka wa 2021 mahakama hiyo hiyo ilimhukumu kifungo cha miaka 25. Sisemi kwamba hukumu hiyo haikustahili. Nasema kwamba mtoto huyo hakuokolewa kwa wakati, na waliolipa ni wengi.

Mwaka wa 2022 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mazungumzo ya makundi yenye silaha ya Kongo. Katika mazungumzo ya aina hiyo, viongozi wa waasi hutanguliza vyeo na misamaha. Sisi majirani hatuna budi kushikilia sharti moja: kabla ya kiongozi yeyote kupewa kiti mezani, awaachilie watoto wote walio mikononi mwake. Nao warudipo, wapewe daftari na mwalimu, wasipewe jina la askari.