Clemo ni zao la mtaa, si la mashine

Wanaosema prodyuza hujengwa na mashine ghali wamtazame Clemo, prodyuza wa muziki wa Nairobi. Mwaka 2000 yeye na rapa Jua Cali walianzisha studio ya Calif Records, jina likitoka mtaa wa California, Eastlands, na hapo ndipo genge, mtindo wa rap ya Nairobi, ilipopata sura: mdundo mkavu, Sheng ya vijana wa mtaani, bila haya. Atakayepinga atasema bila marapa kama Nonini na Jua Cali, Clemo asingejulikana. Sawa, lakini marapa Eastlands walikuwa tele. Aliyeadimika ni mtu wa kuwasikiliza na kuwaachia Sheng yao, asiisafishe ili iwapendeze wenye redio. Uamuzi huo, kuliko kompyuta yoyote, ndio uliomtofautisha na fundi wa mitambo.