Kabla ya kambi ya mlimani, mwendesha baiskeli apimwe damu

Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika, na si ajabu Watanzania kujiuliza kwa nini jezi zetu hazionekani mbele. Jibu jepesi liko tayari: Kenya ina Iten, sisi tuna Kilimanjaro, basi tujenge kambi huko juu na mabingwa watapatikana. Naupenda mlima huu, lakini nadhani tunaanzia mwisho. Mwinuko husaidia kweli, ila humsaidia mtu ambaye mwili wake umeshaandaliwa, na maandalizi hayo yanafanyika chini, mjini Moshi na vijijini.

Kinachotokea mwilini kinaeleweka vizuri. Oksijeni haipungui kwa asilimia unapopanda. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa. Karibu na lango la Marangu, chini kidogo ya mita 1,900, mgandamizo ni takriban asilimia 80 ya ule wa Tanga au Dar es Salaam. Figo zikihisi upungufu huo hutoa homoni ya erithropoietini, na uboho wa mifupa huongeza seli nyekundu za damu. Ni homoni ileile ambayo Lance Armstrong aliitumia kinyume cha sheria, akaishia kunyang'anywa mataji saba ya Tour de France mwaka 2012. Mlimani kazi hiyo huchukua wiki tatu hadi nne, na ina gharama yake: hewa nyepesi hupunguza nguvu ya kukanyaga, kwa hiyo miguu hufanya mazoezi hafifu. Ndiyo maana utafiti wa Levine na Stray-Gundersen wa mwaka 1997 ukawa maarufu. Wakimbiaji walioishi mita 2,500 na kushuka hadi 1,250 kwa mazoezi makali waliboresha muda wao. Walioishi na kufanya mazoezi hukohuko juu hawakupata faida hiyo. Kwa kipimo hicho, utajiri wetu ni barabara ya Marangu kuliko kilele cha Uhuru. Mtu alale vijiji vya juu, ashuke Himo kwa mazoezi ya kasi, apande tena jioni. Kambi ya wapandaji ya Horombo, mita 3,720, haimfai: usingizi huvurugika, hamu ya chakula hupotea na misuli hupungua.

Kuna pingamizi mbili nzito. Kwanza, vijiji hivyo vinaishia kwenye mita 1,800 hivi, mpakani mwa msitu wa hifadhi, chini ya kiwango ambacho wataalamu wengi hukitaka. Ni kweli, na faida itakuwa ndogo. Pili, mwaka 2012 Siebenmann na wenzake waliwaweka wanamichezo kwa wiki nne katika vyumba vya hewa hafifu, wengine katika hewa ya kawaida, bila wao kujua nani yuko wapi, na hawakuona tofauti. Utafiti huo haufuti mwinuko, ila unaonya kwamba sehemu ya matokeo yanayosifiwa hutokana na imani na mazoezi yenyewe. Asmara na Addis Ababa zote ziko juu ya mita 2,300, lakini ni Eritrea iliyomtoa Biniam Girmay, mshindi wa hatua tatu na jezi ya kijani katika Tour de France ya 2024. Kinachozitofautisha nchi hizo mbili hakiko hewani. Eritrea baiskeli ni mchezo wa taifa, na kijana hukua akishindana.

Kwa hiyo shilingi ya kwanza iende kwenye damu. Mwili usio na akiba ya madini ya chuma hauwezi kutengeneza himoglobini, hata ukae mlimani mwezi mzima. Minyoo ya safura hunyonya akiba hiyo, na malaria, ambayo tambarare za Kahe zinaijua zaidi kuliko Marangu, hupasua seli nyekundu. Homa moja inaweza kufuta kazi ya kambi nzima. Hospitali ya KCMC ipo Moshi hapahapa. Kupima himoglobini na feritini, kipimo cha akiba ya chuma, kabla ya msimu, kutibu, na kulisha vizuri ni nafuu kuliko kujenga bweni. Shilingi ya pili iende kwenye mashindano. Barabara ya Moshi hadi Himo na Holili imejaa malori, na hakuna kijana anayeweza kujifunza kuendesha katikati ya kundi huku akikwepa trela. Ifungwe kwa saa chache asubuhi za Jumapili, mara kwa mara na si siku ya sherehe tu, kisha wale watakaojitokeza mbele wapelekwe Marangu kwa wiki nne.