Petroli Uani, Petroli Chupani
Kijana wa Goba anayejifunza kukarabati vipuri vya injini ya lori uani kwao huviosha kwa petroli, mikono mitupu, kabla ya kuvipaka rangi upya. Petroli huondoa mafuta ya ngozi hata ikapasuka. Tena ina benzini, kisababishi cha saratani ya damu. Mhudumu wa afya amwandikiaye dawa ya ukurutu bila kuuliza mikono hiyo hushinda ndani ya kitu gani, atamwona tena kliniki. Lakini cha kutisha zaidi ni petroli iliyosalia, ihifadhiwayo (ajabu ya mazoea!) katika chupa ya soda. Mtoto akiinywa, asitapishwe wala asinyweshwe maziwa: akitapika, petroli huweza kuingia mapafuni na kuleta nimonia kali. Apelekwe hospitali papo hapo, hata kama anacheka, na chupa ile ichukuliwe pamoja naye.