Mtoto Mwerevu Ahamishwe?

Hapa kwetu Umoja mtoto akishika nambari wani mara mbili tu, majirani huanza: "Mama, huyo mtoe hapo, mpeleke akademia!" Hata mimi niliyasema hayo juu ya ndugu yangu mdogo wa gredi ya nne. Akafanya mtihani wa kuchujwa, akapita, akahama.

Sasa anaamka saa kumi na moja alfajiri kungoja basi. Hesabu anazijua zaidi, sikatai. Lakini zamani, jioni, alikuwa akikaa kwenye ngazi za ploti na wenzake, akiwafunza sehemu kwa vipande vya chapati. Siku hizi ngazi ni tupu.

Mtihani wa KCPE, ulioanza mwaka wa 1985, ulifanywa mara ya mwisho 2023. Wengi tulidhani mbio za alama zitakwisha. Wapi! Mtihani umekwenda, mbio zimebaki.

Siwalaumu wazazi. Darasa lililojaa pomoni humchosha mtoto mwepesi wa kushika. Rai yangu ni hii: walimu, akimaliza kazi mapema, mpeni swali gumu zaidi badala ya kumwambia anyamaze. Nanyi wazazi, kabla ya kumhamisha, mwulizeni mwenyewe.

Sisi hatukumwuliza wetu. Juzi ndipo nilipomwuliza, akanijibu: "Huko kila mtu anajua. Hakuna wa kumwonyesha."

Je, msomaji, wewe ungemjibuje? Mimi nilinyamaza.