Gurudumu la Nyuma, Upande wa Kushoto

Mama mwenzangu, hapa Sumbawanga baridi ya mwezi wa sita haina mzaha. Sisi wa huku magharibi jua hutuchelewa. Saa moja kasorobo asubuhi ndiyo kwanza kunapambazuka, na wakati huo mimi nimekwisha simama kona ya mtaa wetu na mtoto aliyevalishwa sweta mbili, tukingoja gari la shule. Upepo unashuka kutoka milima ya Mbizi. Huna la kufanya isipokuwa kupiga miguu chini na kuangalia magari yanayopita. Ndivyo nilivyoanza kuangalia rimu.

Gari la watoto wetu ni Noah. Lilipoanza kazi lilikuwa na zile rimu za alumini tunazoziita spoti, zinang'aa kama sufuria zilizotoka dukani. Sasa upande wa kushoto zimetafunwa ukingo mzima, mithili ya mkate uliokutwa na panya. Asubuhi moja nilimwuliza dereva, kijana mwenye adabu zake, hata siku moja hapiti bila shikamoo.

"Mwanangu, hizi rimu zimepatwa na nini?"

"Ah, mama, ni hizi kingo za barabara tu. Huo ni urembo, gari halitembei kwa urembo." Akacheka, akafunga mlango, akaondoka na watoto.

Jioni nilimweleza mume wangu. Akashusha gazeti akaniuliza nimeajiriwa lini utrafiki. Nikanyamaza, maana na mimi nina yangu. Miaka ile alipokuwa ananifundisha kuendesha pikapu yake, niliipandisha kwenye ukingo wa mtaro nikakwaruza rimu vibaya. Nilichukua mabaki ya rangi ya fedha iliyopakwa getini, nikaipaka rimu usiku. Hajajua mpaka leo, labda atajua akisoma ukurasa huu. Kwa hiyo simhukumu mtu kwa mkwaruzo mmoja. Kukwaruza mara moja ni bahati mbaya ya mtu yeyote. Kilichonisumbua ni kwamba mikwaruzo ile ilikuwa mingi, mipya juu ya ya zamani, na yote upande mmoja.

Wazee wa hapa watakuambia kwamba zamani ugonjwa wa magari yetu ulikuwa mwingine. Barabara ya kutoka Tunduma, zaidi ya kilometa 220, ilikuwa ya vumbi kiangazi na ya tope masika. Mtu aliyesafiri mwezi wa pili alibeba chakula cha kulala njiani, na abiria walishuka kusukuma. Lami ilikuja kwa fedha za ule mkataba wa Marekani uliotiwa saini Dar es Salaam mwezi Februari 2008, alipokuja Rais Bush. Leo mgonjwa anawahi Mbeya siku hiyo hiyo, na mahindi na maharage yetu yanatoka. Nani ataikataa lami? Lakini lami imekuja na mambo mawili ambayo tope halikuwa nayo: mwendo, na kingo za zege. Tope lilimfundisha dereva subira kwa nguvu. Lami haimfundishi. Inamwacha aende apendavyo, na sheria yetu ya usalama barabarani ya mwaka 1973 inayotaka mwendo usiozidi kilometa 50 kwa saa kwenye makazi ya watu imebaki kibaoni.

Nikaamua kwenda kwa fundi tairi. Ni mzee mmoja mwenye kibanda karibu na soko, ameziba pancha tangu nikiwa msichana. Nilimwamkia, nikamweleza nilichoona. Hakunicheka. Aliniuliza swali moja tu: "Ni tairi la mbele au la nyuma?"

Sikuwa nimefikiria. Nikakumbuka kwamba lililoliwa zaidi ni la nyuma, la kushoto.

Mzee akamwita mjukuu wake aliyekuwa akichezea kigari cha waya chenye magurudumu ya vifuniko vya soda. Akakichukua, akalainisha mchanga kwa kiganja, akakikunjisha kona kuelekea kushoto taratibu. "Tazama alama," akasema. Nikainama. Gurudumu la mbele lilichora mstari wake, lakini la nyuma halikuufuata. Lilipita ndani zaidi, karibu na kona. Kumbe ndivyo gari lolote lilivyo, na likiwa refu ndivyo linavyozidi. Dereva makini anajua hivyo, kwa hiyo anakwenda mbele kidogo kabla ya kukunja. Mwenye haraka anakata kona mapema. Tairi la mbele linapita salama, la nyuma linapanda ukingo. Na kwa kuwa nchini mwetu tunaendesha kushoto, kingo ziko kushoto, abiria wanashukia kushoto, na watoto wanasimama kushoto.

Mama mwenzangu, hapo ndipo mwili uliniisha nguvu. Tairi la nyuma linapanda ukingo wa kona. Na sisi watoto wetu tunawasimamisha wapi? Pale pale konani, kwa sababu gari linaonekana likija na halihitaji kuingia uchochoroni. Wako sita wa mtaa wetu, wa mwisho ana miaka mitano, na kuna mwanga hafifu. Dereva macho yake yako mbele. Lile gurudumu la nyuma halioni.

Mzee akaongeza jingine. Ngozi ya tairi ni nene pale inapokanyaga chini, na huko ndiko kuna waya za chuma. Ubavuni hakuna waya zile. Ni mpira na nyuzi tu. Tairi likigonga ukingo kwa nguvu, ubavu unabanwa kati ya rimu na zege, nyuzi zinakatika ndani kwa ndani, na baadaye linatokeza jipu, uvimbe kama wa mtu aliyepigwa. Uvimbe huo hauzibwi kiraka wala hauponi. Unangoja joto na mzigo upasuke. "Rimu kukwaruzika si neno," alisema. "Rimu inakupa habari tu. Nenda kaangalie ubavu, na usisahau wa ndani."

Haya yalikuwa siku ya Jumatano. Jumamosi yake gari hilo hilo lilikuwa limekodiwa kutupeleka akina mama kwenye msiba huko Muze, bondeni. Wasiojua Ufipa niwaambie: sisi tunakaa juu ya uwanda, na Ziwa Rukwa liko chini yetu kwa karibu mita 1,000. Njia ya kushukia ni Lyambalyamfipa, mlima wenye kona zisizohesabika na korongo upande mmoja. Juu unaanza safari umejifunika blanketi, chini unafika unajipepea kwa khanga. Dereva anayeshuka kwa kukanyaga breki mfululizo, badala ya kuweka gia ndogo, anachemsha breki, na joto lake linaingia kwenye rimu na tairi. Tairi lenye jipu kwenye mteremko ule sikutaka hata kulifikiri.

Nilimwendea mwenye gari, si dereva. Nilikwenda na jirani yangu, maana peke yangu ningeonekana mgomvi. Tulisema kwa upole kwamba tunaomba gari lipandishwe jeki kabla ya Jumamosi, na gharama ya fundi tutalipa sisi. Alikunja uso, akakubali. Tairi la nyuma la kushoto lilipofunguliwa, ubavu wa ndani, ambao mtu aliyesimama nje haoni kamwe, ulikuwa na uvimbe wa ukubwa wa nusu yai. Mwenye gari alilishika kwa kidole akakaa kimya. Halafu akasema, "Na wanangu pia wanapanda humu."

Ilitokea pia kwamba rimu yenyewe ilikuwa imepinda, ndiyo maana tairi lilikuwa linapungua upepo kidogo kidogo. Mzee alipaka maji ya sabuni ya unga kwenye ukingo, mapovu yakatoka. Alikataa kuinyoosha kwa nyundo: rimu ya chuma, alisema, inavumilia nyundo, lakini ya alumini hupata ufa.

Dereva aliitwa, na hapo mazungumzo yakaniumiza. Kijana aliinamisha kichwa akaeleza siku yake. Saa kumi alfajiri anabeba wafanyabiashara kwenda stendi. Kisha duru ya kwanza ya wanafunzi, kisha ya pili, na wote wafike kabla ya kengele. Mchana mizigo ya sokoni, jioni wanafunzi tena, usiku anapeleka hesabu kwa tajiri. Siku asizoweza, anampa gari deiwaka, na deiwaka hana uchungu na gari wala hajui majina ya watoto. "Mama, mimi nakata kona kwa sababu duru ya pili inanisubiri," alisema. Nilikuwa nimejiandaa kumkemea mzembe. Nilimkuta mtoto wa mwenzangu ambaye hajalala. Simwondolei kosa, mkono ulioshika usukani ni wake. Lakini hesabu ile ilipangwa na mtu mwingine, na duru mbili zile tulizitaka sisi wazazi, kwa sababu gari moja lililojaa mara mbili ni rahisi kuliko magari mawili.

Wote tunakumbuka tarehe 6 Mei 2017, pale Rhotia, Karatu, basi la shule lilipotumbukia korongoni na kuondoka na wanafunzi 32, walimu 2 na dereva wao. Sisemi kisa cha ajali ile kilikuwa tairi, na sina haki ya kuwafundisha wale wazazi jambo lolote. Nasema tu kwamba siku ile kila mama nchini aliuliza hali ya gari la mtoto wake, na baada ya muda tukaacha kuuliza.

Msibani tulikwenda na gari jingine. Noah ilipata tairi jipya na rimu ya chuma, nyeusi, isiyofanana na zile tatu. Kikao cha wazazi kilikuwa kigumu. Mwenye gari alitaka nauli ipande ili aache safari za alfajiri na kumkataza dereva kutoa gari kwa deiwaka. Wengine walikubali, mama mmoja anayeuza dagaa alisema waziwazi kwamba ikipanda, wanawe watatembea. Hatukumjibu haraka. Mwishowe nauli imepanda nusu ya alivyotaka, watoto wa mama yule wamebaki kwa nauli ya zamani, na alfajiri gari linalala. Duru bado ni mbili. Hilo hatujaliweza.

Kona tumeihama. Watoto sasa wanangoja hatua kumi na tano ndani ya mtaa, chini ya mkaratusi, na gari linasimama kabisa kabla mtu hajasogea.

Nami kila Jumatatu nalizunguka gari kabla halijaondoka, dakika moja tu. Si lazima ujue spana, mama. Inama uangalie ubavu: kama kuna mkato unaoonyesha nyuzi au uvimbe, mtoto wako asipande siku hiyo. Hesabu nati, maana huwa zinadondoka moja moja. Mwombe dereva akunje usukani hadi mwisho ili uone ukingo wa ndani wa matairi ya mbele. Magurudumu yaliyogonga gonga hupotea mstari, na tairi hulika ndani likawa kipara huku nje likionekana zima. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vinundu vidogo vya mpira. Vikiwa sawa na uso wa tairi, limekwisha. Na ubavuni tafuta tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na meno mazuri na umri wa mtoto wa darasa la saba.

Mume wangu aliniona nimechuchumaa kando ya Noah, akapita bila kusema neno. Siku ya pili nikamkuta anakagua pikapu yake. Alisimama muda mrefu mbele ya ile rimu ya rangi ya geti.

Wiki iliyopita dereva alifika, akazima gari, akashuka kabla sijamsogelea. "Shikamoo mama. Kuna mkwaruzo mpya, wa mbele kulia. Ni mimi, si mtu mwingine. Nilikuwa namkwepa ng'ombe pale Chanji." Tuliinama wote wawili tukaangalia ubavu. Ulikuwa mzima. Watoto wakapanda.