Huduma Iliyoachwa Wodini



Zamu ya asubuhi hospitalini huanza kwa makabidhiano. Wauguzi wa usiku huwaeleza wenzao hali ya wagonjwa, na pembeni, daftari mkononi, husimama wanafunzi wa uuguzi. Hao ndio mashahidi tunaopenda kuwasikiliza leo. Darasani wamefundishwa kwamba mgonjwa asiyejiweza hugeuzwa ubavu kila baada ya saa mbili hivi, ili ngozi yake isife kwa kugandamizwa. Wodini humwona aliyelazwa chali asubuhi akikutwa chali adhuhuri.

Jambo hili si geni kwa wataalamu. Mwaka 2006, Beatrice Kalisch, mtafiti wa uuguzi nchini Marekani, alieleza huduma ambazo wauguzi wenyewe walikiri kwamba huachwa mara kwa mara: kumgeuza mgonjwa, kumtembeza, kumlisha kwa wakati, kumwosha, kumfariji. Hapa hatusemi juu ya dawa iliyotolewa kwa makosa. Twasema juu ya lile lisilofanyika kabisa, ambalo alama yake huonekana baadaye mwilini mwa mgonjwa. Nasi hatukusalimika. Mnamo 2017 na 2018 watafiti walikaa katika hospitali sita za Nairobi wakitazama jinsi watoto wachanga 216 walivyohudumiwa, nao waliona huduma nyingi za lazima zikiachwa.

Tusiharakishe kuwanyoshea wauguzi kidole. Muuguzi mmoja mwenye wodi iliyojaa hana budi kuchagua, na kwa kawaida huchagua sindano na dawa, kwa kuwa hizo ndizo atakazoulizwa. Kumtwisha hatia ya uhaba asiousababisha ni dhuluma. Waulizwe wanaopanga idadi ya watumishi, yaani serikali, na sisi makanisa pia tulio na hospitali zetu.

Hata hivyo uhaba hauelezi yote. Kumgeuza mtu mzima aliyepooza ni kazi ya watu wawili. Mara nyingi wawili hao wamo wodini, ila kila mmoja ana wagonjwa “wake”, na mwanafunzi anayeomba msaada huambiwa angoje. Mwaka 2010 Kalisch na mwenzake walionyesha kwamba penye ushirikiano bora huduma huachwa kwa uchache zaidi. Mwanafunzi, kwa kuwa huhamishwa wodi hadi wodi, ana nafasi ya kulinganisha, na hugundua upesi wapi watu huitana na wapi kila mtu hujifanyia yake.

Lakini atamwambia nani? Alama zake zimo mikononi mwa wale wale anaowaona. Akisema, ataitwa mjuaji. Basi hunyamaza, na baya zaidi, hujifunza kutia alama kwenye chati kwamba mgonjwa amegeuzwa. Huyo ndiye atakayewafundisha wengine baada ya miaka michache.

Twaomba basi kwamba wakati wa makabidhiano yatajwe waziwazi hata yale yasiyofanyika, na sababu zake, bila mtu kuadhibiwa kwa kusema kweli. Na kwamba mwanafunzi aulizwe ameona nini, tena aulizwe mapema, kabla wakubwa hawajamaliza kusema. Jambo hili halihitaji fedha wala kibali kutoka wizarani. Hospitali za makanisa zaweza kulianza katika zamu ya kesho.